Barua ziko chini ya kitanda, na muuguzi anakuja kila siku

Shikamoo dada,

Nakuandikia saa kumi alfajiri kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo simu yangu haiiti. Nina miaka 41, naishi peke yangu katika mji mmoja kaskazini mwa England, na huu ni mwaka wa 11 tangu nihamie huku. Miaka tisa ya kwanza sikudaiwa na mtu. Nilifanya kazi ya ghala, zamu ya usiku, nikalipa kodi ya nyumba kabla ya tarehe, nikatuma fedha nyumbani, na ndugu walikuwa wakinisifu kwamba najua kupanga.

Halafu usingizi ukanitoka. Nikaanza kukosa zamu mojamoja. Nakaa ukingoni mwa kitanda nimevaa sare, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikija kushtuka kumeshakucha. Daktari akasema ni sonona, akaniandikia vidonge. Vilinitia kichefuchefu nikaviacha kimyakimya. Mshahara ulipopungua nilijazia kwa kadi ya mkopo. Kadi ilipojaa nikachukua mkopo ili nilipe kadi, kisha nikaitumia kadi upya.

Hesabu ya mwisho niliyoiona ni hii: kadi pauni 4,300, mkopo 3,800, benki inayopokea mshahara wangu 1,200 kwa kutoa zaidi ya salio, kodi ya halmashauri 1,460, umeme na gesi 640, simu 290. Binamu yangu anayeishi London alinikopesha 800 kwa mkono, bila maandishi. Jumla 12,490. Nasema ya mwisho niliyoiona kwa sababu ni miezi saba sasa sijafungua bahasha. Zikidondoka mlangoni naziokota bila kuziangalia, nazitia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Mfuko umejaa, nimeanza wa pili.

Wiki tatu zilizopita nilimpigia dada yangu simu usiku kumuaga. Yeye ndiye aliyegundua naaga nini, akawapigia watu wa huku, nikapelekwa hospitali. Sitaki kuandika zaidi hapo. Sasa nipo nyumbani na timu ya dharura ya afya ya akili inanifuata kila siku. Muuguzi ni mama mpole sana. Anauliza nimelalaje, nimekula nini, anahesabu vidonge. Akibisha hodi, kabla sijafungua naisukuma ile mifuko ndani zaidi kwa mguu. Hajui lolote kuhusu madeni. Naona aibu, na tena si kazi yake.

Juzi imepenyezwa karatasi mlangoni, haikuwa na bahasha hivyo nimeisoma: madalali wa mahakama watakuja kwa ajili ya kodi ya halmashauri. Tangu hapo nimezima taa ya mbele. Kaka yangu ananiambia dawa ya deni ni kulipa, nitafute kazi ya pili. Rafiki yangu anasema nikae kimya miaka 6 deni litakufa lenyewe, au nipande ndege nirudi nyumbani, hakuna atakayenifuata. Mimi naogopa kufungwa. Naogopa pia kwamba mwakani nikiomba ukaaji wa kudumu watayaona haya yote na kuninyima. Na mama bado namtumia pauni 150 kila mwezi, hajui kitu.

Kazini sijafukuzwa, nipo kwa cheti cha daktari. Nianzie wapi, dada? Nimlipe nani kwanza?

Mwenye Mifuko

---

Marahaba, mdogo wangu.

Pauni zisubiri kidogo. Naanza na ile simu uliyompigia dada yako. Umeniomba nisichimbe hapo na sitachimba, ila nataka hili liwe mbele ya yote: mawazo yale yakirudi, hata kama yamerudi kidogo tu, usikae nayo peke yako mpaka saa ya muuguzi. Timu ya dharura hukuachia namba. Iandike ukutani karibu na unapolala. Ukiwakosa, piga 111 kisha uchague 2, utapata watu wa afya ya akili usiku na mchana. Samaritans, watu wa kujitolea wanaosikiliza aliyezidiwa na mawazo, wapo kwenye 116 123, bure, saa zote, na huhitaji kutaja jina. Ukiona unakaribia kujidhuru, ni 999 au nenda moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Mwombe pia muuguzi dawa ziwe zinaletwa za siku chache chache badala ya kurundikwa ndani. Mwambie vilevile kwamba zile za mwanzo uliziacha kwa sababu ya kichefuchefu. Zipo nyingine, na hilo si kosa la kufichwa.

Sasa mifuko.

Umeandika kwamba madeni si kazi ya muuguzi. Hapo ndipo ninapokukatalia kwa nguvu zangu zote, maana katika barua yako nzima yeye ndiye mtu anayeweza kuzisimamisha barua hizo zisiendelee kuja. England na Wales, tangu tarehe 4 Mei 2021, zina utaratibu wa kisheria unaoitwa Breathing Space, yaani nafasi ya kuvuta pumzi. Uko wa aina mbili. Wa kawaida unampa mdaiwa yeyote anayestahili siku 60. Wa pili umetungwa kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama yako leo: anayepata matibabu ya dharura ya afya ya akili, awe amelazwa au anafuatwa nyumbani na timu ya wataalamu. Huo unadumu muda wote wa matibabu hayo, kisha unaongezwa siku 30 baada ya kumalizika. Katika kipindi hicho wadai walioorodheshwa hawaruhusiwi kukupigia, kukuandikia kudai, kuongeza riba wala faini za kuchelewa, na madalali wa mahakama wanasimama. Hulipii chochote.

Ili ufunguliwe, kuna mtaalamu wa afya ya akili mwenye mamlaka maalumu ya kisheria, mara nyingi ofisa ustawi wa jamii, ambaye huthibitisha kwa maandishi kwamba kweli upo kwenye matibabu ya dharura. Kisha mshauri wa madeni aliyeidhinishwa anaufungua rasmi na wadai wanaarifiwa. Muuguzi wako anaruhusiwa kuanzisha maombi hayo kwa niaba yako. Huhitaji kupiga simu kumi ukiwa na mikono inayotetemeka. Unahitaji kumwambia yeye, na kama maneno yatakugomea koo, yaandike kwenye karatasi umpe mkononi:

“Nina madeni ambayo siwezi kuyashughulikia kwa sasa na yanazidisha ugonjwa wangu. Barua ziko kwenye mifuko hii, sijazifungua kwa miezi saba. Madalali wameandika watakuja. Naomba mnisaidie kuomba Breathing Space ya dharura ya afya ya akili.”

Basi. Kama Kiingereza cha maneno haya kinakuwia kigumu asubuhi hiyo, mwambie unataka mkalimani. Huduma za NHS, yaani za afya ya umma, zinatoa mkalimani bila kukutoza. Usimtumie binamu kwa kazi hii, maana yeye ni mmoja wa wadai.

Jambo la haraka: fanya hivyo akija kesho, usingoje utakapojisikia nafuu. Nafasi hii ya pili ni ya aliye kwenye matibabu ya dharura. Timu ikishakuaga na kukurudisha kwa daktari wako wa kawaida, mlango huo unakuwa umefungwa na utabaki na ule wa siku 60. Nimeona watu wakijikaza wapone kwanza ndipo waseme, wakasema wiki moja baada ya timu kuondoka. Inaniuma kila nikikumbuka.

Kaka yako amekwambia dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo sote tumelelewa nayo na siibezi, lakini inamfaa mtu mwenye nguvu zake. Wewe wiki tatu zilizopita ulikuwa unaaga. Kazi ya pili kwa mtu aliyeugulia zamu za usiku ni kumrudisha palepale alipoangukia. Kuna methali nyingine tuliyolelewa nayo ambayo natamani kaka angeikumbuka kwanza: mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwaka mzima umewaficha wadai ugonjwa na ukawaficha madaktari madeni. Kampuni iliyokukopesha inajua tu kwamba hulipi na hujibu, hivyo inakufanyia kama inavyomfanyia mkaidi. Daktari anajua tu kwamba una sonona, hivyo anakuandikia vidonge wakati kinachokukosesha usingizi kiko nusu mita chini ya godoro. Pande hizi mbili zikishajuana, mambo mengi hulegea.

Kwa wadai, njia ipo. Kuna fomu ya ushahidi wa deni na afya ya akili, ambayo daktari au muuguzi anaijaza kueleza jinsi ugonjwa unavyoathiri uwezo wako wa kushughulikia fedha. Tangu Oktoba 2019 daktari wa familia nchini England haruhusiwi kukutoza kwa kuijaza. Mshauri wa madeni ndiye anayeituma, wewe unatoa ridhaa tu. Benki na wakopeshaji wenye leseni wanatakiwa na msimamizi wao kumtendea kwa uangalifu mteja aliye katika hali dhaifu. Wakishaarifiwa, hawawezi kusema hawakujua.

Nije kwenye kufungua bahasha, maana najua ndipo mwili unapokataa. Niliwahi kukaa sakafuni na jirani yangu mmoja, mtu mzima, mwenye watoto wakubwa. Alikuwa na boksi la viatu lililojaa. Tulikubaliana kwamba kazi yake ni kunipa bahasha, yangu ni kuichana, na yeye haangalii. Nikawa nasoma mambo matatu tu: nani kaandika, namba ya deni, tarehe. Tulipanga mafungu kwenye zulia. Bahasha zilikuwa 31. Tulipomaliza, madeni yalikuwa manne. Deni moja la kadi lilikuwa limeuzwa kutoka kampuni hadi kampuni, na kila mnunuzi alikuja na barua zake, nembo yake na vitisho vyake, hivyo yeye alikuwa akiamini anadaiwa na watu tisa. Alipoona mafungu manne kwenye zulia alilia, kisha akaomba chai.

Kwa hiyo usifungue peke yako, na usifungue usiku. Muuguzi, mfanyakazi wa ustawi anayetumwa na timu, au mshauri wa madeni anaweza kuwa yule wa kuchana. Mwambie atangulize barua za mahakama. Bahasha za madai ya kiraia mara nyingi zina anwani ya Northampton, kwa kuwa ndipo kilipo kituo kinachotoa madai hayo kwa wingi. Ikiwamo fomu ya madai, muda wa kujibu ni siku 14 tangu ihesabike umeipokea, na ukirudisha karatasi ya kukiri kuipokea unapata 14 zaidi. Ikiwa muda umepita na hukumu imetolewa bila wewe kujibu, bado unaweza kuiomba mahakama iitengue, na ugonjwa uliolazwa kwa ajili yake ni sababu inayosikilizwa. Baada ya hizo, tafuteni barua za mwenye nyumba na za madalali. Barua za kampuni za kununua madeni, zile zenye kelele nyingi zaidi, ndizo zinazoweza kungoja.

Madalali, basi. Tangu siku walipokupa notisi lazima zipite siku 7 kamili kabla ya kuja. Wanaruhusiwa kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Kwa kodi ya halmashauri, katika ujio wa kwanza hawana ruhusa ya kuvunja mlango wala kukusukuma waingie. Wanaweza kuingia kwa amani tu, ikiwa ni pamoja na kupitia mlango ulioachwa bila kufungwa. Kwa hiyo funga kwa ufunguo, na wakija zungumza nao kupitia dirishani au kwenye tundu la barua. Sema: “Ninapata matibabu ya dharura ya afya ya akili, mawasiliano yote yapitie kwa mshauri wangu.” Usiwaruhusu kuingia eti mjadili kwa utulivu, wala usisaini karatasi ya orodha ya vitu, kwa sababu wakishakuwa na makubaliano juu ya vitu vyako wanapata haki ya kurudi kwa nguvu. Halmashauri yenyewe nayo ipigiwe, na anayepiga awe mshauri au muuguzi, iambiwe mtu huyu ni mgonjwa na ilirudishe deni kutoka kwa madalali. Taa ya mbele iwashe.

Wakati mnazungumza na halmashauri, ulizeni jambo ambalo huenda hukulijua: anayeishi peke yake anastahili punguzo la asilimia 25 la kodi hiyo. Ombeni lihesabiwe tangu ulipoanza kuishi peke yako. Punguzo hili si fedha za umma kwa maana ya uhamiaji. Msaada wa kodi ya halmashauri unaotolewa kwa sababu ya kipato kidogo ni fedha za umma, kwa hiyo kama kibali chako kinakukataza kuzipokea, usijaze fomu hiyo kabla hujauliza. Malipo ya ugonjwa kutoka kwa mwajiri, yanayoweza kufika wiki 28, hayamo katika katazo hilo. Wala Breathing Space haimo.

Umeuliza nani alipwe kwanza. Wakati nafasi ya pumzi ikiombwa, anayelipwa ni yule anayeweza kukutoa nje au kukuacha gizani: mwenye nyumba, kisha umeme na gesi, kisha kodi ya halmashauri ya mwezi huu. Kampuni ya umeme iombe ikuingize kwenye orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi. Kadi, mkopo na simu vinakuja mwisho kabisa, hata kama ndivyo vinavyopiga simu mara nne kwa siku. Halafu benki: unadaiwa 1,200 na benki ileile inayopokea mshahara wako, na inaweza kuumeza ukishaingia. Fungua akaunti ya msingi kwenye benki nyingine usiyodaiwa nayo na umpe mwajiri namba mpya. Hili moja lifanye hata kabla ya mengine, likikushinda mwombe mfanyakazi wa ustawi akusindikize.

Kufungwa. Deni la kadi, mkopo, benki, simu au umeme halimpeleki mtu jela England. Kodi ya halmashauri ndiyo pekee kati ya madeni yako ambayo sheria ya England bado inaruhusu kifungo, hadi miezi 3, lakini ni baada ya mahakama kukuita, kukuhoji kuhusu hali yako, na kuridhika kwamba ulikataa makusudi au ulizembea kwa namna ya kulaumiwa. Mtu aliyekuwa hospitali si huyo. Cha muhimu usikose kufika au kuwakilishwa ukiitwa.

Kibali chako. Kanuni za uhamiaji zinataja deni la matibabu ya NHS la pauni 500 au zaidi, na gharama za kesi anazodaiwa mtu na wizara ya mambo ya ndani, kuwa sababu za kunyimwa. Deni la kadi halitajwi hivyo. Kama ulilipa ada ya afya ulipoomba kibali, matibabu unayopata sasa hayakuletei deni la NHS. Lakini kwa kuwa maombi yako ni mwakani na kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kutuma fomu, umweleze madeni yote bila kuficha. Uongo kwenye fomu ndio unaomharibia mtu kuliko deni lenyewe.

Rafiki yako wa miaka 6 ameshika nusu ya jambo. Ni kweli, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980 inampa mdai wa mkopo wa kawaida miaka 6 ya kufungua madai England na Wales. Scotland ni 5. Ila ukilipa hata pauni moja au ukikiri deni kwa maandishi, hesabu inaanza upya. Na mdai akifungua kesi ndani ya muda huo akapata hukumu, kinga hiyo ya ukomo imekwisha. Kukaa kimya kunampa nafasi ya kupata hukumu kwa urahisi, kwa sababu barua zitaenda anwani yako ya mwisho na hakuna wa kujibu. Ndiyo maana hata kupanda ndege sikushauri kama njia ya kukimbia deni. Ukitaka kurudi nyumbani kwa sababu umechoka na unawataka watu wako, hilo ni lako na lina heshima yake, ila liamue ukiwa na usingizi wa miezi kadhaa, na matibabu yakiwa yamepangiwa mahali pa kuendelea.

Baada ya pumzi kuna suluhu ya kudumu, na nikitazama hesabu zako naona Debt Relief Order, yaani amri ya kumwondolea mtu madeni asiyoyaweza, inaweza kukufaa, kama huna nyumba yako na kipato kinachobaki kila mwezi baada ya matumizi ya lazima hakizidi pauni 75. Madeni yasizidi 50,000, vitu vyenye thamani visizidi 2,000, na gari lisizidi 4,000. Tangu Aprili 2024 haina ada. Wadai wanasimamishwa miezi 12, na hali yako isipobadilika madeni yaliyomo yanafutwa. Inabaki kwenye kumbukumbu zako za mikopo miaka 6. Anayekupeleka huko ni mshauri aliyeidhinishwa. StepChange wanapatikana 0800 138 1111, National Debtline 0808 808 4000, na Citizens Advice wana ofisi katika miji mingi. Wote hawatozi. Akikupigia mtu anayekuahidi kufuta asilimia kubwa ya deni kwa makubaliano ya miaka 5 au 6 na ada yake humohumo, mkatie simu.

Sasa binamu. Hili litakuuma zaidi ya kadi, najua. Debt Relief Order haikuruhusu kuchagua: deni la binamu ni deni, lazima liorodheshwe, hata kama halina maandishi. Na usimkimbizie 800 zake kwanza huku wengine ukiwaacha, kwa sababu kumpendelea mdai mmoja kabla ya maombi kunaweza kukuharibia. Mpigie mwenyewe kabla hajapata barua rasmi. Mwambie umeugua, umelazwa, na jina lake litaonekana kwenye karatasi kwa sababu sheria inataka hivyo. Mwaka ukishapita na madeni yakafutwa, hakuna anayekukataza kumrudishia ndugu yako kidogo kidogo kwa hiari yako. Mwambie na hilo, kama ndivyo unavyokusudia.

Na mama. Pauni 150 uziandike kwenye bajeti mbele ya mshauri, usizifiche kwa kuogopa ataona unatapanya. Atakuuliza kama zinaweza kupungua, na kwa sasa jibu la kweli ni kwamba unazituma kutoka kwenye kodi ya nyumba. Sikwambii uzikate zote. Nakwambia mama apewe nafasi ya kukuhurumia, maana mpaka sasa anapokea fedha bila kujua kwamba mtoto wake anaugua. Ikiwa sauti yako haitoshi kumwambia, dada yako tayari anajua lililo gumu kuliko yote. Mwombe yeye amweleze mama mara ya kwanza, wewe ukiwa kwenye simu hiyohiyo, ukisikiliza tu.